Kupima dawa za kulevya kwenye damu kwa ELISA: mwongozo wa benchi kwa maabara za Kanda ya Ziwa

Mkojo hueleza dawa iliyopita mwilini siku kadhaa nyuma. Damu hueleza iliyomo sasa. Ndiyo sababu dereva aliyesababisha ajali Barabara ya Nyerere, mgonjwa aliyefikishwa mapokezi hajitambui, au maiti iliyoopolewa ziwani ikaamriwa uchunguzi, hutolewa damu hata kama mkojo unapatikana.

Faida hiyo haiji bure. Dawa kwenye damu huwa kidogo mno. Kwenye mkojo, vipimo vingi vya opiati (mofini na jamaa zake) vimewekewa kikomo, yaani kiwango ambacho chini yake jibu huwa hasi, cha nanogramu 300 au 2,000 kwa mililita. Kwenye damu kikomo kinachofaa ni karibu 10. Kwa hiyo vile vijiti vya mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba havifai kuchovywa kwenye damu wala plazma. Mstari utatokea vizuri, utasoma hasi, na mtu mwenye heroini mwilini ataandikiwa kwamba ni msafi.

Mashine za kemia za hospitali nazo zina tatizo lake. Vipimo vyake vya dawa za kulevya havina hatua ya kuosha: kila kitu kinabaki ndani ya kikombe wakati mwanga unapopita, na himoglobini ya damu nzima huuziba mwanga huo. Ili kuzitumia, lazima kwanza protini zigandishwe kwa methanoli au asetoni, uzungushe kwenye sentrifuji, kisha upime maji ya juu. ELISA ya sahani, yaani kipimo cha kingamwili zilizopakwa kwenye visima vya sahani ya plastiki na kinachojibu kwa rangi, huiosha damu yote kabla rangi haijawekwa, hivyo hata damu ambayo seli zake zimepasuka hupimika. Kwa maabara inayopokea sampuli zilizosafiri kwa meli na basi, hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza, na ndiyo mwongozo huu unaifuata.

Rangi ikikosekana

Kila kisima cha sahani kimepakwa kingamwili chache zinazoitambua dawa fulani. Unaweka damu, halafu unaweka konjugeti, yaani dawa hiyohiyo iliyofungwa kimeng'enya cha HRP. Hizo mbili hugombea nafasi kama abiria wa daladala jioni pale Buzuruga: dawa ya kwenye damu ikiwa nyingi, konjugeti hubaki nje na huoshwa. Ukiweka TMB, kemikali ya kutoa rangi, kimeng'enya kilichobaki huifanya iwe bluu. Kwa hiyo rangi nyingi maana yake hakuna dawa; rangi kidogo maana yake dawa ipo.

Shika jambo hilo kuliko lolote lingine humu. Katika kipimo hiki, chochote kinachoua rangi hufanana na chanya. Konjugeti iliyochacha kwa kukatika umeme, maji yenye klorini, kontroli (sampuli ya kukagua kipimo, ambayo kiwango chake unakijua) iliyohifadhiwa kwa kemikali ya azaidi, kisima kilichosahauliwa wakati wa kuweka TMB: vyote vitakuandikia kwamba mtu ametumia dawa. Makosa ya benchi hapa humsingizia mtu, na hiyo ndiyo sababu ya kila kontroli utakayoambiwa uweke.

Upime dawa zipi

Usinunue kit, yaani boksi la sahani na vitendanishi vyake, kwa sababu muuzaji anazo. Angalia kinachotumika kwenye kanda, kisha uliza kingamwili ya kit hiyo inashika nini.

Bangi ndiyo ya kwanza. Kit nyingi za damu huitafuta kaboksi-THC, masalia yasiyolevya, kwa kikomo cha nanogramu 10 kwa mililita. THC yenyewe, kiini cha bangi kinacholevya, hupanda kileleni dakika chache baada ya kuvuta, kisha hushuka kwa kasi ndani ya saa chache, wakati kaboksi-THC hukaa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku huweza kuvuka wiki. Chanya ya bangi basi haisemi kwamba dereva alikuwa amelewa alipogonga. Polisi watakuuliza hilo kila mara.

Heroini huwatatiza wengi. Ni nadra kuikuta kwenye damu: ndani ya dakika chache hugeuka kuwa 6-asetilimofini, na hiyo nayo hugeuka mofini. Kipimo cha opiati kinashika mofini na kodeini. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji na mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini watatoka chanya sawasawa na mjidunga sindano. Anayeweza kuwatofautisha ni mkemia mwenye GC-MS (mashine inayotenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wa vipande vyake) atakayeitafuta hiyo 6-asetilimofini, tena akiiwahi.

Hapohapo kuna mtego wa pili. Kipimo cha opiati hakishiki methadoni, tramadoli, pethidini wala fentanili, maana maumbile yake ya kikemia yako mbali na mofini. Kwa kuwa Mwanza ina kliniki ya methadoni, na tramadoli huuzwa kiholela, kit ya opiati peke yake itakuacha na hasi nyingi zisizo za kweli. Weka kit ya methadoni, kikomo 25, na ya tramadoli, kikomo 100, vyote nanogramu kwa mililita ya damu kama vikomo vinavyofuata.

Kokeini hutafutwa kupitia benzoilekgonini, kikomo kati ya 20 na 30. Amfetamini na methamfetamini, 20 kila moja, na ni kit mbili tofauti kwa kawaida. Benzodiazepini, 50. Kingamwili za kundi hili hushika diazepamu vizuri na masalia yake, ambayo hukaa mwilini siku nyingi. Lorazepamu na klonazepamu hushikwa vibaya kwenye kit nyingi. Soma jedwali la mwitikio mtambuka, yaani dawa nyingine ambazo kingamwili huzishika na kwa nguvu gani, ndani ya karatasi ya kit kabla ya kulipa, usisome baadaye.

Mirungi haina kit ya kutegemewa. Kathinoni na kathini, viini vyake, vinafanana na amfetamini lakini kingamwili za amfetamini nyingi huzitambua kwa udhaifu. Ukiletewa mtu anayeshukiwa mirungi, hasi ya amfetamini haina maana. Peleka sampuli moja kwa moja kwenye uthibitisho. Pombe pia haipimwi kwa sahani hii. Gongo au bia hupimwa kwa kromatografia ya gesi, kwa kuvuta hewa iliyo juu ya damu ndani ya chupa iliyofungwa.

Kuchukua damu

Tumia tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ile ya floridi ya sodiamu na oksaleti ya potasiamu. Oksaleti huzuia kuganda. Floridi huzuia vimeng'enya na vijidudu: bila hiyo, vimeng'enya vya damu huendelea kuivunja kokeini ndani ya tyubu, bakteria huigeuza klonazepamu, na hamira huweza hata kutengeneza pombe ambayo mtu hakuinywa.

Tyubu za kijivu haziko sawa. Ile ndogo ya mililita 4 iliyozoeleka wodini kwa ajili ya sukari ina miligramu 10 za floridi, yaani 2.5 kwa kila mililita. Ile ya mililita 10 ya kazi za kisheria ina miligramu 100, yaani 10 kwa kila mililita. Ukiwa na ndogo tu, itumie, lakini ijaze hadi alama yake na uiwahishe kwenye baridi. Tyubu zenye jeli usizitumie kabisa. Jeli hunyonya dawa zinazopenda mafuta, na matokeo hushuka kimyakimya.

Safisha ngozi kwa povidoni ayodini au sabuni na maji, usitumie spiriti, maana ombi la pombe huweza kuja nyuma yako na wakili atauliza ulimfuta mtuhumiwa kwa nini. Chukua tyubu mbili, A na B. Pindua kila moja taratibu mara 8 hadi 10. Kutikisa kwa nguvu hupasua seli. Kutopindua huacha mabonge madogo ambayo baadaye yataziba tipu ya pipeti. Andika jina, namba, tarehe, saa na dakika, kisha saini yako na ya shahidi, na upige lakiri juu ya kifuniko mbele ya mtoa damu. B haifunguliwi na maabara yako hata siku moja.

Uliza na uandike dawa zote alizotumia kwa wiki mbili zilizopita: za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI, za akili, za mafua, za maumivu. Fomu nyingi hazina nafasi hiyo. Iongeze kwa mkono.

Kwa maiti, chukua damu ya mshipa wa paja, si ya moyo. Baada ya kifo dawa hutoka kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo na kurudi kwenye damu ya karibu yake, hivyo damu ya moyo huweza kuonyesha zaidi ya ilivyokuwa wakati wa uhai.

Safari ya sampuli

Kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi bandari ya Mwanza ni saa tatu na zaidi majini, bila kuhesabu kusubiri gatini. Upande wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Foleni ya kivuko haipo tena kwenye hesabu. Hata hivyo panga kana kwamba sampuli itachelewa siku nzima.

Funga kwa tabaka tatu: tyubu ndani ya mfuko usiovuja wenye karatasi ya kunyonya inayotosha damu yote, mfuko ndani ya kasha gumu, kasha ndani ya boksi la baridi. Fomu zikae nje ya mfuko wa damu, ndani ya nailoni yake. Vipande vya barafu vitoe kwenye friza uviache hadi vitokwe jasho na maji yasikike ndani ukivitikisa, kama wanavyofanya watu wa chanjo, kisha vitenganishe na tyubu kwa kadibodi. Damu iliyoganda njiani hupasua tyubu. Na ile barafu ya kusaga ya samaki wa Mwaloni, hata ikiwa bure na iko karibu, iache: ikiyeyuka huloanisha lebo, na sampuli isiyosomeka jina haina thamani mahakamani.

Lenga nyuzi 2 hadi 8. Ikifika, weka kwenye jokofu kama utapima ndani ya siku chache. Zaidi ya hapo, friza ya nyuzi −20. Epuka kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara. Kama huna budi, gawa sampuli A kwenye vichupa vya mililita 1 siku ya kwanza. THC hushikana na plastiki na mpira, hivyo vichupa vya kioo ni bora kwa kesi za bangi.

Anayepokea aangalie lakiri, majina na saa kabla ya kusaini. Sampuli ya kawaida ya hospitali ikiwa mbovu huitupa na kuomba nyingine. Ya kisheria usiitupe, tukio halirudiwi. Iandike ilivyo, imeganda, imevuja, lakiri imekatika, na ipime ukitaja kasoro hiyo kwenye ripoti.

Kabla ya sampuli ya kwanza

Kit iliyoandikwa kuwa inafaa damu bado inahitaji kuhakikiwa kwenye benchi lako. Utahitaji damu hasi ya watu wasiopungua 10, iliyopimwa na kuthibitika haina dawa, na suluhisho la dawa husika la miligramu 1 kwa mililita ndani ya methanoli. Hizo ni dawa zinazodhibitiwa. Kibali kitangulie na zifungiwe kabatini kwa funguo mbili.

Tuchukue mofini yenye kikomo cha 10. Chukua mikrolita 10 za suluhisho uongeze methanoli hadi mililita 10: sasa una nanogramu 1,000 kwa mililita. Kwenye vichupa vitatu weka mikrolita 5, 10 na 15 za hiyo, na ujaze damu hasi hadi mikrolita 1,000 kila kimoja. Umepata 5, 10 na 15: nusu chini ya kikomo, kikomo chenyewe, nusu juu yake. Usizidishe methanoli zaidi ya mikrolita 15 au 20 kwa mililita ya damu, la sivyo protini zitaanza kuganda. Pima kila kiwango mara 3 kwa siku 5. Vya 5 vyote vitoke hasi, vya 15 vyote chanya. Vikichanganyikana, ama kikomo ni cha chini mno kwa kit hiyo ama pipeti yako inasema uongo.

Siku ya kazi

Toa vitendanishi kwenye jokofu saa nzima kabla. Mfuko wa sahani usiufungue ukiwa bado baridi. Unyevu wa ziwani hutua ndani ya visima kama umande. Kit nyingi hutaka chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na chumba kisicho na kiyoyozi Mwanza hupita hapo mchana wa Oktoba. Joto likipanda rangi huja haraka, na visima vya pembeni hutangulia vya katikati. Anza asubuhi mapema, na usiweke sahani karibu na dirisha wala juu ya jokofu.

Yeyusha damu, ichanganye kwa kuipindua, kisha kwenye mashine ya mtikiso sekunde 10. Damu nzima ni nzito na hung'ang'ania tipu. Tumia tipu yenye mdomo mpana au kata ncha kidogo, vuta polepole, futa nje ya tipu bila kugusa tundu, na mwaga polepole. Punguza sampuli, kalibreta (ile yenye dawa kwa kiwango cha kikomo hasa) na kontroli zote kwa bufa ya kit, yaani maji yake ya kupunguzia, kwa kiwango kilekile. 1 kwa 5 hufaa mara nyingi, kwa mfano mikrolita 50 za damu na 200 za bufa. Kalibreta lazima iwe imetengenezwa kwenye damu, si kwenye maji wala mkojo. Bila hivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Mpangilio wa sahani: visima 2 vya damu hasi, 2 vya kontroli ya nusu chini, 2 vya kikomo, 2 vya kontroli ya nusu juu. Visima 8 vimekwisha. Vilivyobaki 88 vinatosha sampuli 44 kwa mbilimbili. Kit za vipande vya visima 8 zinakupa nafuu ya kupima kidogokidogo, ila kila mara kipande kizima huliwa na kontroli. Maabara yenye sampuli tatu kwa wiki ikusanye na kupima mara moja kwa wiki. Kupunguza kontroli ili kuokoa pesa usifanye.

Mtiririko wa kawaida uko hivi, ingawa karatasi ya kit yako ndiyo yenye neno la mwisho:

1. Mikrolita 10 hadi 25 za sampuli iliyopunguzwa kwenye kila kisima. Maliza sahani nzima ndani ya dakika 10.
2. Mikrolita 100 za konjugeti kwa pipeti ya midomo mingi. Gonga kingo za sahani taratibu, funika, weka gizani kwa dakika 30 hadi 60.
3. Osha mara 6 kwa mikrolita 350 za maji yaliyochujwa ioni. Pindua na kupiga sahani kwenye karatasi safi hadi isiache alama ya maji.
4. Mikrolita 100 za TMB, giza, dakika 30.
5. Mikrolita 100 za asidi ya kusimamisha, kwa mpangilio uleule uliowekea TMB. Bluu inageuka njano.
6. Soma kwa nanomita 450, ukitoa usomaji wa 620 au 650, ndani ya saa moja.

Hesabu. Gawa usomaji wa kila sampuli kwa wastani wa damu hasi, zidisha kwa 100. Tuseme damu hasi imesoma 2.000 na kikomo 0.900, yaani asilimia 45. Sampuli iliyosoma 0.620 ni asilimia 31, iko chini ya 45: chanya ya awali. Iliyosoma 1.500 ni asilimia 75: hasi. Kabla ya kuangalia sampuli yoyote hakikisha kontroli ya nusu chini imetoka hasi na ya nusu juu imetoka chanya. Visima viwili vya sampuli moja vikitofautiana zaidi ya asilimia 15, rudia. Kila chanya irudiwe siku nyingine kutoka kwenye kichupa kipya. Kosa la kuchanganya sampuli huonekana hapo.

Usigeuze asilimia hizo kuwa nanogramu kwenye ripoti. Kingamwili ya opiati imehesabu mofini na kodeini pamoja kwa uzito tofauti. Namba utakayopata haina mwenyewe.

Sahani ikigoma

Rangi hafifu kila mahali, hata kwenye damu hasi. Anza na maji. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani na hutiwa klorini, na klorini huua HRP; mashine ya maji iliyochoka huipitisha. Kisha angalia kama kuna kontroli au bufa yenye sodiamu azaidi, ambayo nayo hukifunga kimeng'enya hichohicho. Kisha daftari la joto la jokofu: umeme ulikatika lini na kwa muda gani? Konjugeti iliyokaa joto wikiendi nzima haitapona kwa kurudishwa kwenye baridi. Usijaribu kuokoa sahani ya namna hii kwa kukokotoa asilimia, maana asilimia zitatoka na zitaonekana za kawaida.

Safu moja yote chanya. Mara nyingi mdomo mmoja wa pipeti haukuvuta konjugeti au TMB. Tazama sahani kwa macho kabla ya kuongeza asidi. Mstari wa visima vyeupe ulionyooka mno si watu, ni pipeti.

Rangi nzito kila mahali na kontroli ya juu imetoka hasi. Kuosha hakukutosha, au TMB imeguswa na tipu yenye konjugeti. TMB ikiwa tayari na ubluu chupani, mwaga.

Chanya ya ajabu mara tu baada ya sampuli yenye dawa nyingi: tipu imebeba. Badilisha tipu kila kisima, na urudie ile iliyofuata.

Dawa za hospitali zinazojifanya za kulevya

Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya kwinoloni kama levofloksasini na ofloksasini zimewahi kutoa chanya za opiati. Efavirenzi imewahi kutoa chanya za bangi na za benzodiazepini. Klopromazini, promethazini, labetaloli, ranitidini na dawa za mafua zenye pseudoefedrini huchokoza amfetamini. Taarifa nyingi za namna hii zilitokana na mkojo, na kila kit ina tabia yake, kwa hiyo usimfute mtu kwenye orodha kwa sababu anakunywa rifampisini, wala usimhukumu. Andika dawa hiyo kwenye ripoti karibu na matokeo, na peleka tyubu B.

Ripoti, uthibitisho na taka

Andika: "Kundi la opiati: chanya ya awali, haijathibitishwa." Usiandike kamwe "ametumia heroini". Kwa hasi andika dawa zilizotafutwa na kikomo cha kila moja, na useme haikuonekana juu ya kikomo hicho. Neno "hasi" likisimama peke yake, daktari atalisoma kwamba hakuna dawa yoyote, wakati hukupima hata robo yake.

Uthibitisho hufanywa kwa njia yenye msingi tofauti, GC-MS au ndugu yake LC-MS/MS, kutoka tyubu B. Kwa mambo ya kisheria peleka kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Fomu ya makabidhiano isainiwe na kila mkono ulioshika kasha, kwa saa na dakika.

Damu iliyobaki, tipu na sahani ni taka za maambukizi. Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa 6 vya maji, inakupa klorini ya asilimia 0.5; iache damu humo dakika 10 au zaidi. Lakini visima vyenye asidi ya kusimamisha usivimwage kwenye ndoo hiyo: asidi na Jik vikikutana hutoa gesi ya klorini, na vyumba vyetu vingi havina feni ya kuitoa. Weka ndoo mbili zenye rangi tofauti, na ndoo ya Jik ikae mbali na meza ya konjugeti.

Uthibitisho ukirudi hasi wakati sahani yako ilisema chanya, andika kwenye daftari la kit: namba ya lot (toleo la kiwandani), asilimia iliyosomeka, joto la chumba siku hiyo, na dawa zote alizotaja mtoa damu. Kurasa hizo zikifika kumi zitakuambia zaidi kuhusu kit yako kuliko karatasi iliyokuja nayo kwenye boksi, na ndizo za kufungua kwanza muuzaji akikuletea lot mpya.